Kipepeo Hakusema Tayari

Chiriku alikuwa ametumwa siki. Chupa mbili za siki nyeupe ya kawaida, na muuza duka akamuuliza swali lake la kila wiki: "Siki tena? Kwani mnapika nini humo ndani?"

"Tunapika sura za watu," Chiriku akajibu. "Ya kwako ilete siku moja tuilainishe, imekauka kama soli."

Duka zima likacheka, na mwenye sura naye akacheka, maana Chiriku hata akikutukana unaondoka umeshukuru. Jina hilo hakupewa na wazazi, alipewa na darasa. Darasa lenyewe aliliacha mapema, akidai mwalimu anaongea peke yake mno, hampi mtu nafasi. Tangu hapo alikuwa kwa mjomba wake, kaka wa marehemu mama yake, kwenye studio yenye chumba cha giza cha mwisho mtaani. Ukimuuliza yeye, atakwambia ni cha mwisho duniani, na fundi wa mwisho ndiye huyu umesimama mbele yake, kwa hiyo simama vizuri.

Jua lilikuwa linaaga alipoingia studio. Akawasha taa ya mbele, akaweka chupa mezani, na kama kila jioni akaugeukia ukuta wa picha.

"Mama, nimefika."

Picha ya mama yake ilikuwa katikati ya ukuta. Chiriku aliipiga mwenyewe alipokuwa mtoto, kwa kamera aliyoichukua bila ruhusa, na mama hakujua mpaka ilipolia *kacha*. Ndipo akageuka akacheka, kichwa nyuma, mwanya wazi, macho yamemtazama mpigaji sawasawa. *Kacha* ya pili ndiyo hiyo ukutani. Mama alikuwa amekufa miaka miwili iliyopita. Kaburi lake lilikuwa mbali, lakini mwanya ulikuwa hapa, na Chiriku hakuwahi kulala bila kuupitia.

Pembeni yake kulikuwa na picha ya harusi ya Mjomba. Mjomba kijana, suti, nywele zinang'aa, kasimama na gauni jeupe. Nasema gauni, kwa sababu juu ya shingo ya gauni hapakuwa na kitu. Weupe tu. Chiriku alikuwa akiuliza zamani, akaambiwa ni unyevu wa ukuta. Akakubali. Hakujiuliza unyevu gani huo unaochagua.

Mjomba alikuwa anajiandaa kupanda ngazi kwenda chumbani kwake juu, mkono mmoja kiunoni.

"Picha kumi na moja," akasema. "Mwenye Kitabu anazifuata kesho asubuhi. Zichape, uzikaze vizuri, uoshe, uanike."

"Anataka kumi na mbili, Mjomba. Nilikuwepo akisema."

"Nimesema kumi na moja."

Sasa hapa nikueleze. Mjomba, kabla ya kuwa mzee wa picha za vitambulisho, alikuwa mpiga picha wa kampuni ya filamu, enzi zile filamu zilikuwa nyeusi na nyeupe na waigizaji walikuwa wakubwa kuliko wafalme. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kuwapiga wamejipamba. Kazi yake ya moyo ilikuwa kuwapiga wamejisahau. Alijificha nyuma ya nguo zilizoanikwa, juu ya mapaa, ndani ya makabati. Alikuwa na picha ya shujaa anayepigana na watu ishirini, akifungwa mkanda wa kubana kitambi na watu wawili wanaohema. Alikuwa na jambazi wa kila filamu, yule wa kovu, akifuma soksi za mtoto huku ametoa ulimi. Alikuwa na mchekeshaji ndani ya gari, peke yake, analia mpaka kioo kimeingia ukungu.

Mwenye Kitabu, mchapishaji mwenye miwani kubwa na viatu visivyojua vumbi, alikuwa anatengeneza kitabu cha picha hizo: maisha ya siri ya nyota wa zamani. Kumi na moja alizipenda. Ya kumi na mbili alitaka Kipepeo.

Kipepeo! Bibi yako alimjua, usibishe. Watu walimpa jina hilo kwa ajili ya kope zake. Akizipepesa kwenye pazia la sinema, wanaume waliteleza vitini. Kisha siku moja akaacha filamu, akajifungia nyumbani, akageuza vioo vyote vitazame ukuta, mpaka akafa. Hakuna aliyewahi kumwona bila kujipamba.

"Picha yake ipo kwenye lile kasha la bati," Chiriku alisema. "Si ndiyo?"

Mjomba akasimama kwenye ngazi ya tatu.

"Kasha lile hujaliona."

"Naliona sasa hivi. Liko juu ya kabati, lina vumbi la karne."

"Chiriku."

"Abee."

"Usiliguse. Na mtu yeyote akija kupigwa picha, muulize kwanza. Umesikia?"

"'Tayari?' Naijua, Mjomba, naiota." Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya studio. Hakuna kubonyeza kamera mpaka uulize "Tayari?" na mtu ajibu "Tayari". Hata mtoto mchanga aliulizwa, mama yake akamjibia. Wateja walidhani ni adabu. Chiriku alidhani ni uzee.

Mjomba akapanda. Mlango wa juu ukafungwa.

Chiriku akahesabu mpaka kumi. Kumi zenyewe alizihesabu mbili mbili. Akavuta stuli.

Usimlaumu upesi. Kitabu kingekuwa na jina lake mwishoni: *picha zimechapwa na*... Miaka yote alikuwa amechapa nyuso za watu wenye homa ya vitambulisho. Picha iliyoogopwa na mpigaji wake mwenyewe, ichapwe na mkono gani? Akautazama mkono wake. Akaupenda.

Ndani ya kasha mlikuwa na bahasha moja tu, imefungwa uzi mweusi. Akaukata kwa meno. Ikatoka filamu ya negativu, zile ambazo mweupe anaonekana mweusi na usiku unaonekana mchana. Pamoja nayo vikamwagika vitu vidogo, vyepesi, vimepinda.

Kope.

Kama ishirini hivi. Akazipuliza zikapotea sakafuni.

"Makubwa," akasema, akaingia chumba cha giza.

Chumba chenyewe ni kidogo kama kabati la mtu mwenye nguo nyingi. Balbu nyekundu juu. Mashine ya kukuzia picha. Meza ndefu yenye trei tatu. Trei ya kwanza ina dawa ya kuitoa picha kwenye karatasi. Ya pili ina siki na maji, kuizuia isiendelee. Ya tatu ndiyo dawa ya kukazia. Picha isiyopita trei ya tatu ni ya muda tu. Ukiitoa kwenye mwanga inaanza kuwa kijivu, inakuwa nyeusi, inakufa. Ikipita ya tatu, imekaa. Hata wewe ukifa itabaki.

Chiriku akazichapa kumi na moja kwanza, anaimba. Kisha akaweka negativu ya Kipepeo, akahesabu sekunde nane za mwanga, akaizamisha karatasi kwenye trei ya kwanza.

Weupe... weupe... kisha, polepole, kama mtu anayepanda kutoka chini ya maji...

Ngazi ya nyuma ya nyumba. Ndoo. Mwanamke amekaa miguu peku, amempa mpigaji kisogo na shavu la kushoto. Kipara. Kweli kabisa, mabaka ya kipara kichwa kizima, kama shamba lililoliwa na nzige. Mguu wake mmoja ulikuwa juu ya magoti ya mtu mwingine aliyekatwa na ukingo wa picha, ikabaki mikono yake tu, inamtoa mwiba. Kwenye kifundo cha mkono mmoja palifungwa kimto cha pini, kama wafungavyo washonaji.

Chiriku akacheka.

Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama wewe ungecheka. "Ndiyo maana ya mawigi yote yale, bibi!"

Akaipitisha kwenye siki. Akaitia trei ya tatu. Akaikaza dakika tano, kwa saa, kama alivyofundishwa. Akaiosha, akaibana kwenye kamba.

Hapo harufu ikaja.

Chumba cha giza kinanuka siki siku zote. Lakini hii ilipanda juu ya siki. Poda. Poda ya uso, ya zamani, tamu, iliyokaa sana kwenye kopo.

Akageuka. Hakuna mtu. Akaitazama picha.

Mwanamke hakuwa amempa mpigaji kisogo tena. Alikuwa amegeuka kidogo. Kidogo tu... sikio, na kona ya jicho.

"Macho yangu haya," Chiriku akanong'ona. "Nimekaa gizani mno."

Akatoka kwenda mbele, kwenye taa nyeupe, kwenye magari yanayopita na redio ya jirani. Ilikuwa saa moja na nusu, watu wamejaa barabarani. Akavuta pumzi. Akaugeukia ukuta.

"Mama, leo nime..."

Akasogea karibu.

Fremu ilikuwa palepale. Kioo hakijavunjika. Gauni la mama la maua lilikuwepo, mkono wa kiti ulikuwepo, shingo iliyorudi nyuma kwa kicheko ilikuwepo. Juu ya shingo...

Weupe.

Laini. Kama yai lililomenywa.

Akaishusha fremu, akaifuta kwa kanga ya begani, akaifuta tena. Akatoa simu, maana alikuwa ameipiga picha ile na kuihifadhi. Kwenye simu vilevile. Akatafuta picha ya mazishi ya bibi, mama yupo mstari wa mbele: kilemba, na chini ya kilemba hakuna kitu.

"Sawa," akasema kwa sauti. "Sawa. Mimi si ninaye kichwani?"

Akafumba macho amwite. Akaja gauni. Ikaja sauti. Ukaja mwanya... Mwanya ulikuwa wa juu au wa chini? Pua ilikuwaje? Alikuwa na nyusi nene, au hizo ni za Mjomba?

Hakujua.

Ndugu yangu, mtu anaweza kuibiwa simu, anaweza kuibiwa mume. Chiriku alisimama katikati ya studio, mdomo ule usiofungwa umefungwa, anapapasa ndani ya kichwa chake mwenyewe kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ya wengine. Na kila alipopapasa, ukuta ulikuwa umesogea.

Ngazi zikalia. Mjomba alikuwa ameshuka nusu, na shati la kulalia.

"Nimesikia harufu," akasema.

Kisha akaiona fremu mkononi mwa Chiriku. Akakaa palepale ngazini.

"Umeikaza?"

"Mjomba..."

"Nimekuuliza, umeikaza?"

"Nimeikaza. Dakika tano."

"Basi amekaa," Mjomba akanong'ona. "Ee mtoto wa dada yangu. Basi amekaa."

Akamwambia pale pale, kwa sauti ndogo, anatazama mlango wa chumba cha giza badala ya kumtazama yeye. Kwamba ile picha aliipiga kutoka juu ya paa, naye aliona ndiyo bora kuliko zote alizowahi kupiga. Kwamba Kipepeo alikuja kuiomba. Mara ya kwanza kwa barua, ya pili kwa machozi, ya tatu akapiga magoti katika studio hii, akisema, *Hukuniuliza.* Na Mjomba akacheka, akasema uzuri hauombi ruhusa. Ndipo Kipepeo akang'oa kope zake, moja moja, mbele yake, hapigi kelele, akazipulizia kamera.

"Akasema, yeyote atakayenikaza, wake ampendaye atalegea uso."

"Mchawi?"

"Wengine walisema ana mganga wake. Wengine walisema ana uchungu tu. Mimi sijui tofauti. Niliikaza usiku uleule, kwa kiburi. Asubuhi mkaza mjomba wako, mke wangu, alikuwa kitandani pangu, anaongea, anavaa, anakunywa chai, na mimi simwoni uso. Niliishi naye miaka thelathini na mbili, Chiriku. Amekufa. Nikikutana naye ahera nitampita kama mgeni."

Chiriku akaitazama picha ya harusi. Gauni. Weupe. *Unyevu wa ukuta.*

"Mkaza mjomba alikuwa anafanya kazi gani?"

"Alikuwa mshonaji wa mavazi wa kampuni."

"Alikuwa anafunga kimto cha pini mkononi?"

Mjomba akainamisha kichwa kukubali.

"Ukaichana ile picha?"

"Nikaichoma. Haikusaidia, negativu ilikuwepo."

"Na negativu hukuichoma?"

"Ile ni..." Mzee akafunika uso. "Ilikuwa picha bora kuliko zote, mwanangu. Mtu ana picha moja tu ya namna ile maishani. Kila mwaka nilikuwa naichapa mara moja, siikazi, namtazama mpaka anakuwa mweusi. Basi. Kaa. Utazoea. Kwanza inauma, kisha unazoea."

Chiriku akaiweka fremu ya mama mezani, uso juu, kama bado kuna uso.

"Wewe umezoea," akasema. "Mimi sina kipaji hicho."

"Chiriku, usirudi humo! Atachukua na vilivyobaki!"

"Ajaribu. Mimi nimemshinda muuza duka."

Akachukua chupa ya dawa ya kufutia kwenye rafu, ile ya manjano anayoipaka kwa brashi kuondoa vipele kwenye picha za maharusi. Unajua kinachotokea ukiichanganya na dawa ya kukazia? Mafundi wanajua. Inakula. Haiunguzi, haitoi moshi, inakula picha mpaka inabaki karatasi iliyo wazi kama siku iliyozaliwa. Na negativu inaila vilevile.

Akaingia. Akafunga mlango nyuma yake.

Picha kumi na moja zilining'inia kwenye kamba, ya kumi na mbili ikiwa mwisho. Mwanamke wa ngazini alikuwa amegeuka nusu uso. Jicho moja lote. Halikuwa na kope.

"Shikamoo," Chiriku akasema. Adabu ni adabu.

Balbu nyekundu ikazimika.

Giza la chumba kile si giza la usiku. Usiku una nyota, una taa ya jirani. Hili limetengenezwa na mtu kwa makusudi, limezibwa kila tundu. Chiriku alilijua kama mfuko wake. Trei ya tatu, hatua mbili kulia. Akaenda hatua mbili.

Nyuma yake, hatua mbili. Miguu peku, juu ya sakafu yenye maji.

*Pa... pa.*

Akamimina dawa ya manjano kwenye trei ya tatu. Nyingine ikamwagika sakafuni, akaendelea kumimina.

Poda ikamjaa puani. Kisha kitu chepesi, chepesi mno, kikampepesa shavuni. Mara moja. Mara mbili. Kama bawa.

Zile kope alizipuliza sakafuni mwenyewe. Sasa zilikuwa na mwenyewe.

"Ulicheka," sauti ikasema sikioni. Ilikuwa imechoka tu, kama ya mtu aliyesema jambo hilohilo nyumba baada ya nyumba.

Chiriku akaigeukia sauti.

"Nilicheka," akasema. "Sitakudanganya. Nilicheka kipara chako, na kicheko hicho nakuomba radhi. Lakini nisikilize na wewe. Mama yangu hakukupandia paa. Mama yangu hakukuona hata kwenye sinema, alikuwa anafua nguo za watu. Unamchukuliaje mtu asiyekujua?"

Tone la maji kutoka kwenye kamba.

"Mimi pia sikujuliwa," sauti ikanong'ona. "Nilitazamwa tu."

"Basi uliumia. Na ukaumiza. Tena ukamchukua hata yule aliyekuwa anakutoa mwiba, rafiki yako mwenyewe! Hivyo ndivyo ulivyojifunza kutoka kwa Mjomba? Kuchukua bila kuuliza?"

Hewa ikawa baridi ghafla. Kitu kikamshika kifundo cha mkono, vidole vyembamba, vimelowa. Chiriku hakuuvuta mkono. Nakwambia hakuuvuta! Angeuvuta angeanguka. Akapapasa kwa mkono mwingine mpaka mwisho wa kamba, akabandua picha. Ilikuwa na joto. Pale penye uso, chini ya kidole gumba chake, kitu kilipepesa.

"Hii nakufutia," akasema. "Na negativu nakufutia. Miaka yote hii hakuna mwanamume aliyeweza kukufanyia hili. Lakini namtaka mama yangu, mzima, na mwanya wake. Ukitaka kisasi cha kicheko, aliyecheka ni mimi. Nifuate mimi. Mchana, usiku, nikioga, nikila, nikikoroma. Sitakimbilia kwa mtu. Mama yangu mwache."

Nje Mjomba akaupiga mlango. "Chiriku! Negativu usi... tafadhali, ile ni kazi yangu! Ndiyo pekee!"

"Na ule ni uso wake!" Chiriku akapiga kelele. "Ndio pekee!"

Akazamisha picha. Akachomoa negativu kwenye mashine, akaizamisha nayo, akazishikilia chini kwa viganja viwili, dawa inamuuma kwenye kucha, anahesabu kwa sauti. Safari hii hakuhesabu mbili mbili.

Alipofika arobaini, vidole kwenye kifundo chake vikalegea.

Alipofika sitini, pumzi ndefu ikatoka, karibu sana na uso wake. Si yake.

Sauti ikasema neno moja.

"Sawa."

Balbu ikawaka. Kwenye trei palielea karatasi nyeupe na kipande cha filamu safi kama kioo cha dirisha.

Chiriku akatoka mbio, akampita Mjomba, akainama juu ya meza.

Mwanya ulikuwa wa juu.

Wa juu! Na nyusi zilikuwa nyembamba, na pua ilikuwa yake mwenyewe, ile anayoiona kila siku kwenye kioo. Akaibusu fremu, akalia, akacheka, akaibusu tena mpaka kioo kikawa na ukungu. Akakifuta. Ndipo akaona.

Mama alikuwa anacheka kama zamani, kichwa nyuma. Lakini zamani alikuwa anamtazama mpigaji. Sasa macho yake yalikuwa yamesogea pembeni kidogo tu, juu ya bega la Chiriku.

Kama mtu aliyemwona mgeni nyuma yako, na anamchekea kwa adabu.

Mjomba alikuwa amesimama mbele ya picha ya harusi. Gauni lilikuwa gauni. Juu ya shingo, weupe uleule. Akangoja kwa muda mrefu, mzee wa watu, mkono kwenye kioo.

"Mbona wangu hakurudi?"

Chiriku hakujua, na kwa mara ya kwanza hakujifanya anajua. Labda miaka imepita mno. Labda mshonaji aliulizwa, akakataa.

Asubuhi Mwenye Kitabu akaja, akahesabu kumi na moja, akauliza ya Kipepeo.

"Imeliwa," Chiriku akasema.

"Na panya?"

"Na mimi. Na hizi kumi na moja huzipati leo. Ya mchekeshaji anayelia, binti yake yuko hai, anakaa mtaa wa pili. Ya jambazi, ana wajukuu. Nitawauliza wote, mmoja mmoja. Watakaosema tayari, nitakuletea. Watakaokataa, piga picha viatu vyako, ni vizuri."

Mwenye Kitabu alimtafuta Mjomba kwa macho amtetee. Mjomba alikuwa anatazama ukuta. Alimpa Chiriku funguo za studio wiki ileile, pamoja na kamera zote.

Ningeishia hapo, ungelala vizuri. Lakini Chiriku alitoa ahadi gizani, na aliyeahidiwa hakuwa msahaulifu.

Wiki ya tatu, Alhamisi, alifungua chumba cha giza asubuhi. Kwenye kamba palikuwa na picha moja, imelowa bado. Hakuichapa yeye. Funguo ziko shingoni mwake, na Mjomba hapandi stuli. Ilikuwa ya mwanamke amelala, mdomo wazi, mate yamemchora shavu, mguu mmoja nje ya shuka. Imepigwa kwa karibu sana. Kutoka juu ya mto.

Mwanamke alikuwa yeye.

Akaipeleka kwenye mwanga. Ikawa kijivu, ikawa nyeusi, ikafa. Haikuwa imekazwa.

Alhamisi iliyofuata alikuwa anaoga. Iliyofuata alikuwa ameketi kitandani, fremu ya mama kifuani, analia, jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Kila moja haijakazwa. Kila moja ikafa mwangani. Mtu alikuwa anamtazama, na bado hajaamua.

Mwingine angeacha kazi. Mwingine angetafuta mganga. Chiriku, Jumatano jioni moja, alitoka kuoga mapema. Akavaa gauni la maua la mama yake. Akatia wanja. Akaingia chumba cha giza, akavuta stuli mpaka katikati, akakaa, mgongo wima, kidevu juu, viganja juu ya magoti.

Poda ikaanza kunukia.

"Ile ya kulala sikuipenda," akaliambia giza. "Umenipiga vibaya, umenikuza pua. Leo nipige vizuri."

Akaizima balbu mwenyewe.

Maji yakalia sakafuni. *Pa... pa.* Nyayo zikasimama mbele yake.

Kisha, kwa mara ya kwanza, mtu akamuuliza.

"Tayari?"

Chiriku akatabasamu, mwanya kama wa mama yake wote nje.

"Tayari," akasema.

*Kacha.*